Jicho Lionalo Kutoka Juu



Jumapili ya Mavuno, baada ya ibada ya pili, kijana mmoja wa mtaa wetu aliye masomoni chuoni alikaa na wazee chini ya mwembe akawaonyesha picha katika simu yake. Zilikuwa picha za uwanda wa Usangu, wilayani Mbarali, zilizopigwa na setilaiti kutoka angani. Moja ilikuwa ya zamani, na kinamasi cha Ihefu kilionekana kipana, chenye weusi wa maji. Nyingine ilikuwa ya miaka ya baadaye, ya mwezi ule ule wa kiangazi, na kinamasi kimenywea kama ngozi iliyoanikwa juani. Mzee mmoja alitikisa kichwa akasema, "Wafugaji hao. Ng'ombe wao wameumaliza mto." Wengi waliokuwapo waliitikia, na sisi tuandikao haya tuliitikia pamoja nao. Yule kijana akauliza kwa adabu, "Babu, ng'ombe umewaona wapi katika picha hii?"

Hapakuwa na jibu. Mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mahindi. Lakini swali lile limetukaa moyoni, na kadiri tulivyolifikiri tumeona kwamba halikuwa swali la simu wala la ng'ombe. Je, mtu akiona jambo kutoka mbali, naye ameliona kweli, amepata haki ya kumhukumu jirani yake kwa jambo hilo?

Yafaa kwanza tueleze picha hizi ni kitu gani, maana wengi wetu twazisikia redioni tu. Tarehe 23 Julai 1972 Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza katika mfululizo uitwao Landsat, kazi yake kuizunguka dunia ikipiga picha za nchi. Ile ya kwanza ilirudi juu ya mahali pale pale kila baada ya siku 18. Moja ikichakaa nyingine ilirushwa, hata leo kuna hazina ya picha za zaidi ya miaka hamsini, na tangu mwaka 2008 mtu yeyote aweza kuzichukua bila malipo. Umoja wa Ulaya nao ulianza kurusha za kwao ziitwazo Sentinel, na zile zipigazo picha za namna hii zilianza kazi mwaka 2015. Hivyo kijana aliyeketi chini ya mwembe wetu ana mkononi kitu ambacho zamani hata mawaziri hawakuwa nacho.

Vyombo hivi havioni kama macho yetu. Pamoja na rangi tuzionazo, hupokea pia mwanga ulio nje ya wekundu, ambao jicho la mwanadamu haliuoni. Maji huumeza mwanga huo. Majani mabichi huurudisha kwa wingi. Basi mahali penye maji pa wazi huonekana peusi, na mahali penye mimea hai hung'aa. Mtaalamu akizihesabu nukta nyeusi za picha ya mwaka huu na za mwaka ule, aweza kusema maji yamepungua kiasi gani bila kulowesha mguu. Mwaka 2016 wataalamu wa Umoja wa Ulaya waliokusanya picha milioni tatu hivi za Landsat walitangaza kwamba tangu 1984 hadi 2015 karibu kilometa za mraba 90,000 za maji ya kudumu zilitoweka duniani, ingawa kwingine, hasa penye mabwawa mapya, maji yaliongezeka.

Lakini jicho hili lina udhaifu wake, na wataalamu wenyewe ndio wa kwanza kuusema. Kinamasi si ziwa. Katika kinamasi matete na mafunjo hufunika maji, na picha huona majani ikanyamaza juu ya kilicho chini yake. Wakati wa masika mawingu huziba kila kitu, isipokuwa kwa zile setilaiti zitumiazo rada. Tena ukichukua picha ya mwezi wa Mei ukailinganisha na ya mwezi wa Oktoba, utakuwa umetoa ushahidi wa uongo kwa vyombo vya kweli, kwa sababu kila kinamasi hupungua kiangazi. Na kila picha ni nukta. Katika Landsat za kwanza nukta moja ilikuwa na upana wa meta 80 hivi, karibu na uwanja wa mpira. Katika zilizofuata ni meta 30. Katika picha za Sentinel zilizo safi zaidi ni meta kumi. Ng'ombe haonekani hapo. Mfereji wa hatua mbili hauonekani. Mtu haonekani kabisa.

Tusije tukadhaniwa kwamba twazidharau picha hizi. La hasha! Kuna mahali zilipokuwa sauti ya watu wasio na sauti. Kusini mwa Iraq, kati ya mito ya Hidekeli na Frati, palikuwa na vinamasi vikubwa ambamo watu waliishi juu ya maji katika nyumba za matete tangu enzi za kale sana. Baada ya maasi ya mwaka 1991 serikali ya huko ilijenga kuta na kuchimba mifereji, ikayageuza maji ili watu wale wakose maficho na riziki. Mgeni hakuweza kufika kutazama. Setilaiti ilipita tu, ikapiga picha. Mwaka 2001 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilizitoa hadharani, dunia ikaona kwamba sehemu tisa katika kumi hivi za vinamasi zimekwisha. Baada ya serikali ile kuanguka mwaka 2003 wenyeji walibomoa kuta kwa mikono yao, na picha zikaonyesha maji yakirudi sehemu kadhaa. Jicho la juu limewahi kuwa shahidi mwaminifu, nasi twamshukuru Mungu kwa hilo.

Shahidi, lakini, si hakimu. Hapa turudi Usangu.

Usangu ni uwanda ulio chini ya milima ya Uporoto na Kipengere. Mito kama Mbarali, Kimani na Chimala hushuka kutoka milimani na kujiunga na Ruaha Mkuu, na maji hukusanyika Ihefu. Mwisho wa kinamasi, mahali paitwapo Ng'iriama, pana mwamba uliokaa kama kizingiti cha mlango. Maji yakiwa juu ya kizingiti, mto huendelea na safari: hupita Hifadhi ya Ruaha, huingia bwawa la Mtera, huzungusha mitambo ya Kidatu, kisha hujiunga na Rufiji kwenda baharini. Yakishuka chini ya kizingiti, mto wa mbele hukatika, hata kama ndani ya kinamasi maji bado yapo. Mwaka 1993 ulikatika hivyo wakati wa kiangazi, na viboko wakasongamana katika madimbwi ya tope huko hifadhini. Miaka iliyofuata ukakatika tena na tena. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati ule, Frederick Sumaye, alitangaza akiwa London kwamba serikali imekusudia mto utiririke mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka huo ulifika ukapita, na mto ungali ukikatika.

Basi nani aliyakata maji? Wenye umri wetu wanakumbuka mgawo wa umeme wa miaka ya 1990. Kila taa zilipozimika, kidole kilielekezwa Usangu, na kule Usangu kilimwangukia mfugaji. Alikuwa mtu wa kuja: Msukuma, Mmasai, Mbarbaig, mwenye makundi makubwa na asiye na nyumba ya bati. Ni rahisi kumlaumu mtu asiyesali kanisa moja nawe. Mwaka 2006 serikali iliamuru mifugo iondolewe Ihefu, na hadi mwaka 2007 maelfu kwa maelfu ya ng'ombe walikuwa wameswagwa kwenda mikoa mingine, hasa Lindi na Pwani. Wengi walikufa njiani. Watu walifika ugenini wakiwa maskini, waliokuwa juzi matajiri. Malalamiko yalikuwa mengi hata Rais akaunda tume ya kuyachunguza. Mwaka 2008 eneo la Ihefu liliingizwa katika Hifadhi ya Ruaha.

Lakini kabla ya hayo yote, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, walikuwako watu waliofanya kazi Usangu kwenyewe, wakipima maji mfereji kwa mfereji na kuongea na wakulima, wafugaji na wavuvi. Walichokiona ni hiki: maji ya kiangazi yalikuwa yakichukuliwa kabla hayajafika kinamasini. Yalichukuliwa kwa mifereji ya mpunga, ile ya mashamba makubwa ya Mbarali na Kapunga, kila moja hekta elfu tatu hivi, na ile ya wakulima wadogo iliyoongezeka mwaka hadi mwaka. Mifereji iliachwa ikitiririka hata miezi ambayo hapakuwa na mpunga wa kutosha kuyahitaji maji hayo, maana watu walioishi kando yake waliyatumia majumbani, na kila mmoja alitaka kuwahi kitalu chake. Mengi yalipotea njiani. Taarifa iliyotolewa mwaka 2006 na Taasisi ya Kimataifa ya Usimamizi wa Maji ilikadiria kwamba tangu 1958 hadi 2004 maji yaingiayo Ihefu katika miezi ya kiangazi yalipungua kwa asilimia 70 hivi, na ukubwa wa kinamasi cha kiangazi kwa asilimia 40 hivi. Na kuhusu umeme, wataalamu kadhaa walionyesha kwamba giza la miaka ile lilitokana zaidi na namna maji ya mabwawa yalivyotumiwa kuliko na kwato za ng'ombe wa Usangu.

Tazameni basi. Mwaka ule ule wa 2006 taarifa inasema mifereji, na amri inasema ng'ombe. Hatusemi kwamba ng'ombe hawakuharibu chochote; makundi makubwa hukanyaga kingo na kuchafua maji, na mwenye haki akubali hilo. Lakini ng'ombe waliondoka, na kiangazi kilichofuata mto haukupona.

Katika Mwanzo mlango wa 18 kuna jambo ambalo tumelisoma mara nyingi bila kulishangaa. Kilio juu ya Sodoma kimefika mbinguni. Mungu ajuaye yote, ambaye macho yake hayahitaji setilaiti, anamwambia Ibrahimu kwamba atashuka aone kama mambo ni sawasawa na kilio kilichomfikia. Kwa nini ashuke? Alikuwa na haja gani? Walimu wa Kanisa wamejibu kwa njia mbalimbali. Sisi twafikiri kwamba alishuka kwa ajili yetu tusikiao habari hiyo, tujue ya kuwa hata Hakimu wa dunia yote hakutaka kuhukumu kutoka juu. Mfalme Daudi naye alisimama juu ya dari ya nyumba yake akaona vizuri sana; alichokiona kilikuwa kweli tupu, na bado kilikuwa mwanzo wa uuaji wake.

Pengine mtu atatuuliza: Je, mkisubiri kila mtu ashuke, kinamasi hakitakauka huku mkitembea? Swali hili ni la haki, wala hatuna jibu jepesi. Kuna dhara la kuchelewa kama lilivyo dhara la kuharakisha, na viboko wa Ruaha hawali mikutano. Hata hivyo tuseme kwamba huko Usangu muda haukukosekana. Tangu 1993 hadi 2006 ni miaka 13. Waliokwenda chini walikwisha kwenda, wakarudi, wakasema waliyoyaona. Kilichokosekana ni nia ya kuwasikiliza, kwa sababu waliyoyasema yalikuwa mazito kuliko ng'ombe. Ng'ombe huswagwa. Mpunga ni wa nani?

Mpunga ni wetu. Hapa ndipo kidole kinapogeuka. Mchele wa Mbeya uuzwao sokoni kwetu, ambao kila mama wa mtaa huu huutafuta kwa harusi na kwa Krismasi, sehemu yake hutoka Usangu. Jumapili ile ya Mavuno palikuwa na magunia mawili ya mchele huo mbele ya altare, na kasisi aliyabariki. Wala mkulima aliyeulima hakutenda dhambi kwa kuulima. Ana watoto wa kusomesha kama sisi. Maji yakipita mlangoni pake yeye huyafungulia. Hamwoni mvuvi wa chini wala kiboko, kama sisi tusivyomwona yeye. Nabii Ezekieli, mlango wa 34, anawakemea kondoo walionenepa, wanywao maji safi kisha wakayavuruga kwa miguu yaliyobaki, na wenzao wakanywa matope. Tulizoea kuwaza kwamba kondoo wanene ni watu fulani wakubwa. Yawezekana ni mtu yeyote akaaye juu ya mwenziwe kwenye mkondo mmoja, hata kama amekonda.

Tulitaka kuishia hapo, na makala ilikuwa tayari kwa chapa. Lakini Jumapili iliyofuata yule mzee alimwita tena kijana akamwambia, "Mjukuu wangu, hebu tuonyeshe na bonde letu."

Bonde letu ni hili lililo nyuma ya kanisa. Miaka saba iliyopita halmashauri ya mtaa, nasi tulikuwa wajumbe, iliagiza ichimbwe mitaro miwili ya kuondoa maji ili tupate bustani ya mboga. Bustani hiyo imeezeka nyumba ya katekista kwa bati, na tumeisifu zaidi ya mara moja katika kurasa hizi. Katika simu bonde lilikuwa nukta chache tu. Picha ya Agosti 2016 ilikuwa na ukanda wa kijani mpaka kwenye daraja. Katika ile ya Agosti mwaka jana, kijani kiko bustanini, na kuanzia hapo kushuka ni rangi ya vumbi.

Mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama, akaaye ng'ambo ya daraja, alikuwa amesimama nyuma yetu. Akasema, "Leo ndiyo mnaliona, kwenye simu? Si tuliwaambia?"

Ni kweli walituambia. Tumetafuta katika kitabu cha kumbukumbu za halmashauri. Malalamiko ya akina mama wa ng'ambo, kwamba kisima chao hukauka mwezi wa nane, yalisomwa kikaoni mara mbili, na mara zote mbili imeandikwa kwamba yamepokelewa. Hakuna aliyetumwa kwenda kutazama. Kutoka mlango wa kanisa hadi kisimani ni mwendo wa dakika ishirini.

Huenda si mitaro yetu. Ile mikaratusi iliyopandwa ukingoni nayo hunywa, na mvua za vuli za miaka miwili hii zilikuwa haba. Picha haisemi, nasi tumekwisha kukosea mara moja chini ya mwembe. Kwa hiyo Jumamosi ijayo, baada ya Sala ya Asubuhi, halmashauri yote itashuka bondeni, kuanzia kwenye mitaro hadi kisimani, na akina mama wa ng'ambo ndio watakaotuongoza. Yeyote apendaye na aje. Mwenye kamba ya kupimia aje nayo. Huku juu, karibu na bustani, njia ina tope, na mabuti yatafaa. Kule chini, tumeambiwa, mtu aweza kutembea na viatu vya kanisani.